Kikombe cha Nani?

Leo naomba niwatoe kidogo katika vina na tamathali niwaingize jikoni. Msidhani nimepotea njia. Jambo nililo nalo ni la lugha, tena ni la vipimo, na sisi tunaohesabu mizani za mishororo hatuwezi kudai kwamba vipimo si kazi yetu.

Miaka kadhaa iliyopita, kikundi cha akina mama wa mtaani kwetu Tanga kiliniomba niwafasirie maelekezo ya mapishi. Walikuwa wamechangishana fedha ili waanze kuuza mandazi asubuhi, na mmoja wao alikuwa ameletewa na bintiye kijitabu cha Kiingereza chenye mapishi ya kila namna. Wakasema kwamba mimi ni mtu wa lugha, basi niwape Kiswahili chake. Niliipokea kazi ile kwa bashasha. Kila tendo nililitafutia neno lake: kuchekecha, kukanda, kuumua, kusukuma. Nilipomaliza niliisoma tafsiri kwa sauti, nikaridhika nayo. Palipokuwa na kikombe kwa Kiingereza niliandika kikombe. Nani angekosea hapo? Ni neno analolijua hata mtoto wa chekechea.

Siku ya kwanza ya biashara, kila mama alikanda kwake usiku ili alfajiri wakutane na ndoo zao. Mandazi ya nyumba moja yalikuwa magumu, ukiyagonga mezani yanaitika. Ya nyumba ya pili yalikunywa mafuta, yakanywea, yakalala kama vitambaa vilivyoloa. Ya nyumba ya tatu yalikuwa mazuri, nayo ndiyo yaliyouzwa. Mengine waligawiwa watoto na kuku. Unga ulikuwa wa mchango, maziwa ya mchango, na mafuta vilevile, na kati ya wale walikuwamo waliokopa ili wachange.

Niliitwa. Mwenyeji alikuwa mama mtu mzima ambaye mtaa mzima twamwita Bi Mkubwa.

“Shikamoo, Bi Mkubwa.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa hapo.”

Hakunigombeza. Aliweka mbele yangu vyombo vitatu: kikombe cha bati cha kunywea uji, kikombe cha chai cha kauri chenye kisahani chake, na bilauri ya kioo. Kisha akauliza kwa upole, “Umetuandikia vikombe saba vya unga. Haya, kikombe cha nani?”

Sikuwa na jibu.

Tuliazima mizani ya dukani, tukapima palepale ukumbini. Kila mama alijaza chombo chake kwa namna alivyozoea. Kikombe cha bati kilichukua gramu 180 za unga wa ngano. Kikombe cha kauri kilichukua gramu 105. Bilauri ilichukua gramu 125. Vikombe saba vya bati, basi, vilikuwa gramu 1,260. Saba vya kauri vilikuwa gramu 735. Na saba vya bilauri vilikuwa gramu 875. Wote watatu walikuwa wametumia pakiti moja ya maziwa ya nusu lita na pakiti moja ndogo ya hamira, kama nilivyowaandikia. Maziwa yaleyale yalitakiwa kulainisha unga ambao katika nyumba moja ulikaribia maradufu ya ule wa nyumba nyingine. Mwenye unga mwingi alipata kinyunya kikavu kisichokandika. Mwenye unga kidogo alipata kinyunya chepesi kinachong'ang'ania vidole. Mwenye bilauri aliokolewa na bahati yake tu.

Hapo ndipo nilipofahamu kosa langu. Kitabu kile kilikuwa cha Marekani. Huko kikombe cha mapishi si chombo chochote cha kunywea. Ni kipimo kilichokubaliwa, chenye takriban mililita 237, nacho huuzwa madukani kikiwa kimetengenezwa kwa kazi hiyo. Mwaka 1896 Fannie Merritt Farmer wa Boston alichapisha kitabu cha mapishi ambacho kiliwazoesha wapishi wengi wa nchi ile kupima kwa vikombe na vijiko vilivyojaa sawasawa, vikafutwa juu kwa kisu. Tangu hapo Mmarekani akisoma kikombe, akilini mwake mna chombo kimoja na namna moja ya kukijaza. Mwingereza kwa upande wake aliendelea kupima unga kwa uzito. Huko Australia kikombe cha mapishi ni mililita 250, na Japani ni mililita 200. Mimi nilifasiri jina la chombo nikaiacha nyuma kanuni iliyokuwa ndani yake. Neno lilivuka bahari, kipimo kikabaki ng'ambo.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: kila aandikaye au afasiriye mapishi kwa Kiswahili ana wajibu wa kutaja uzito wa vitu vikavu, gramu kando ya kikombe. Asiyefanya hivyo anaandika nusu ya maelekezo, na nusu iliyobaki atailipia msomaji kwa unga wake.

Najua yapo majibu ya kunipinga, na baadhi yake nimeyasikia kwa masikio yangu. La kwanza husema kwamba bibi zetu hawakujua gramu, na wali wao ulikuwa mtamu kuliko wetu. Ni kweli, lakini tutazame walivyofanya. Bibi alipima mchele kwa kikombe chake, kisha maji kwa kikombe kilekile: kimoja cha mchele, viwili vya maji. Hapo hapana haja ya kujua kikombe kina mililita ngapi, maana kila kitu kinapimwa kwa chombo kimoja, na uwiano haubadiliki. Ni sawa na shairi. Utenzi wenye mizani 8 katika kila kipande ni halali, na shairi lenye mizani 16 katika kila mshororo ni halali pia. Hatumwulizi mtunzi kwa nini amechagua idadi hii akaiacha ile. Twamtaka aishike aliyoichagua hadi mwisho. Shairi huvunjika pale mshororo mmoja unapokuja na kipimo chake wenyewe.

Ndivyo ilivyotokea kwa mandazi yetu. Pakiti ya maziwa ilikuja na kipimo chake kutoka kiwandani. Pakiti ya hamira ilikuja na chake. Yai nalo lina chake kutoka kwa kuku. Hivi vyote havifuati ukubwa wa kikombe cha Bi Mkubwa. Jiko la bibi lilikuwa la chombo kimoja. Jiko la leo lina pakiti, makopo na chupa, na kikombe peke yake hakiwezi kuvipatanisha. Kinachoweza kuvipatanisha ni uzito, kwa sababu kilo ya Tanga ndiyo kilo ya Mombasa, na ndiyo kilo ya Bujumbura na Muscat.

Tena hata chombo kikiwa kimoja, ujazo wa unga una ujanja wake. Kiswahili chenyewe chatufundisha hilo kwa vitenzi vyake. Unga waweza kuuchota kwa kuzamisha kikombe mfukoni. Waweza kuumimina kwa kijiko taratibu. Waweza kukitikisa kikombe ukae. Waweza kuushindilia. Kikombe kimoja cha Marekani kilichomiminiwa unga kwa kijiko, kikafutwa juu, huchukua kama gramu 120 hadi 125. Kikizamishwa na kuchotwa, huvuka 140. Jicho huona vikombe viwili vilivyojaa vilevile. Mwanafunzi wa ushairi hukutana na mtego kama huo anapohesabu mizani kwa kutazama herufi: huona “mtu” na “mbuzi” vyote vimeanza na m, akasahau kwamba m ya “mtu” ni mizani kamili peke yake, ilhali ya “mbuzi” imeungana na b. Maneno yote mawili yana mizani mbili, lakini hazikupatikana kwa njia moja, na atakayezipima kwa macho bila kuzitamka ataharibu kipande.

Jibu la pili la kunipinga husema kwamba mizani ni ugeni, kwamba Mswahili ni mtu wa kibaba. Hapa naomba tuwe wakweli na historia yetu. Ni kweli tulikuwa na vipimo vya ujazo vilivyopangika vizuri: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Methali inayosema haba na haba hujaza kibaba imekitaja chombo ambacho vijana wengi leo hawajapata kukiona. Lakini katika pwani hiihii palikuwa na wakia, ratili na frasila, navyo ni vipimo vya uzito. Pembe za ndovu na karafuu zilipimwa kwa frasila, takriban ratili 35, yaani kama kilo 16. Sonara alipima dhahabu kwa tola. Wenyeji wetu walijua fika kitu gani kinapimwa kwa kujaza na kitu gani kinapimwa kwa kuning'iniza. Neno mizani ni la kale katika lugha yetu, na uzani pia, nayo yametoka katika shina moja la Kiarabu. Katika Kiarabu neno la uzani ndilo lile lile wanalolitumia kwa bahari za ushairi. Anayesema mizani si yetu, basi aiondoe kwanza katika utunzi wake.

Yapo pia mambo ya leo yanayoonyesha kwamba kuhamisha kipimo kutoka ujazo hadi uzito si mchezo. Waislamu hukutana nayo kila mwisho wa Ramadhani. Zaka ya fitri ni pishi moja ya chakula kwa kila mtu, na pishi hapa imesimama mahali pa sa'a ya Kiarabu, yenye mudi nne, na mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyokutanishwa. Siku hizi chakula hununuliwa kwa kilo, kwa hiyo masheikh hulazimika kutaja uzito. Wako wanaotaja kilo 2 na nusu, wako wanaotaja kilo 3. Msikilizaji asiyejua asili ya jambo hudhani pana mgogoro. Asili yake ni kwamba pishi ni ujazo: pishi ya tende, pishi ya mchele na pishi ya unga hazilingani zikipandishwa kwenye mizani. Anayetaja kilo hana budi aamue kwanza ni chakula gani. Hilo ndilo somo ambalo mimi sikulijua nilipokuwa nafasiri mandazi.

Nalo linatosha kutuonya dhidi ya kosa la pili, lililo baya kama la kwanza: kudhani kwamba kikombe kina uzito mmoja kwa kila kitu. Nimeona maelekezo yanayosema kwamba kikombe ni gramu 250, basi. Huo ni uzito wa maji ya kikombe cha mililita 250, maana mililita moja ya maji ni kama gramu moja. Kikombe cha Marekani cha maji ni takriban gramu 237. Cha mafuta ya kula ni kama 218, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji na ndiyo maana huelea. Cha sukari nyeupe ni kama 200. Cha unga wa ngano ni kama 125. Cha asali hufika 340. Mtu akiigeuza asali kwa hesabu ya unga, au unga kwa hesabu ya maji, hatapata chakula. Kila kitu kina uzito wake katika kikombe, na mwandishi wa mapishi anapaswa kuutaja kwa kila kitu peke yake.

Katika kazi hii lugha yetu ni msaidizi mwema kuliko tunavyoipa sifa. Kiingereza kinaposema kikombe kimoja cha “rice”, msomaji hubaki akijiuliza kama ni mbichi au kilichopikwa. Kiswahili hakina shaka hiyo. Kuna mpunga, kuna mchele, kuna wali, na kila mmoja una uzito wake na ujazo wake. Kikombe kimoja cha mchele hutoa kama vikombe vitatu vya wali. Mfasiri akilichagua neno vizuri, tayari ameshapima nusu ya kipimo. Kwa upande mwingine lugha yetu ina mahali inapolegea. Unga ni neno moja kwa ngano, sembe, dona, muhogo na mtama, na hizo zote hazijazi kikombe kwa uzito mmoja. Anayeandika “vikombe viwili vya unga” bila kutaja unga wa nini ameandika fumbo.

Mpangilio wa maneno nao una uzito wake. “Kikombe kimoja cha unga uliochekechwa” ni maelekezo mengine kabisa na “kikombe kimoja cha unga, kisha uchekeche”. Katika la kwanza unga umechekechwa kabla ya kupimwa, umejaa hewa, ni mwepesi. Katika la pili umepimwa ukiwa umelala, ndipo ukachekechwa. Tofauti ya neno moja na mkato mmoja yaweza kuwa gramu 20 kwa kila kikombe. Sisi tunaobishana usiku kucha juu ya kituo na urari wa vina tungeweza kuwafaa sana wapishi kwa jambo dogo kama hili. Lakini ukitaja gramu 125 za unga, ubishi wote huo hauna kazi, maana uliochekechwa na usiochekechwa unalingana ukishapimwa.

Pale ambapo ujazo hauepukiki, tutaje jinsi ya kujaza. Tunalo neno mfuto. Mlango wa mfuto ni mlango usio na nakshi, uliolainishwa ukaachwa hivyo. Naona lingefaa sana jikoni: kikombe cha mfuto ni kilichojazwa kisha kikafutwa juu kwa mgongo wa kisu, na kijiko cha mfuto vivyo hivyo. Kinyume chake ni kijiko chenye kilima. Tusiyaache maneno kama haya yafie katika kamusi ilhali kazi yake ipo mbele yetu.

Sisemi kwamba kila kitu kipimwe kwa gramu. Kijiko cha chai cha mililita 5 cha hiliki iliyosagwa kinatosha, kwa kuwa mizani nyingi za nyumbani hazina uhakika katika gramu moja au mbili, na kijiko hapo ni mwaminifu zaidi. Kijiko cha chakula kitajwe mililita zake, ambazo mahali pengi ni 15, lakini Australia ni 20. Chumvi ina tahadhari yake: kijiko cha chai cha chumvi laini kina kama gramu 6, na cha chumvi ya mawe iliyopondwa kwa kubahatisha huwa na pungufu, kwa sababu ya nafasi zilizobaki kati ya chembe. Maji na maziwa yakipimwa kwa mililita hayana ubaya wowote. Na “chumvi kiasi” ibaki palepale ilipo katika mchuzi, maana hapo mpimaji ni ulimi wa mpishi, na hakuna kitabu kinachoweza kumwonjea.

Wala sisemi tuyatupe maneno ya mkono. Konzi, chopa, ukufi: haya ni maneno yenye ukamilifu wake. Konzi ni kile kilichofumbatwa. Ukufi ni kile kinacholala juu ya kiganja kilichokunjuliwa. Mtunzi anayeyajua ana mali. Lakini yalikuwa maneno ya watu waliopika pamoja, binti akiutazama mkono wa mama. Mkono wa mama haufungashwi ukapelekwa kwa binti aliyeolewa Toronto. Kinachofika kwake ni maandishi, na maandishi hayana mkono. Ndiyo maana nasema uzito utajwe: umbali ulioingia kati ya anayeelekeza na anayepika lazima uzibwe na kitu ambacho wote wawili wanacho sawasawa.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi, na ndilo la Bi Mkubwa mwenyewe. Tulipomaliza kupima siku ile aliniambia, “Maneno yako mazuri, mwanangu. Lakini mizani hii ni ya duka, na jioni mwenyewe ataitaka.” Ni kweli. Wanawake wengi wanaopika kwa biashara ndogo hawana mizani. Kuandika gramu tupu kungekuwa kuwafungia mlango kwa jina la usahihi. Kwa hiyo pawe na vyote viwili, kikombe na gramu, na pawe na njia ya kuvuka kutoka kimoja hadi kingine kwa asiye na mizani.

Njia hiyo ipo, na haigharimu kitu. Unga huuzwa kwa pakiti ya kilo moja, na uzito umeandikwa juu yake. Fungua pakiti, chukua kikombe chako unachokipenda, kijaze kwa namna uliyoizoea, na uhesabu hadi pakiti iishe. Ukipata vikombe 8, kikombe chako kina gramu 125 za unga. Ukipata 5 na nusu, kina kama 180. Ukipata 9 na nusu, kina kama 105. Gawanya 1,000 kwa idadi ya vikombe, basi. Fanya hivyo mara moja kwa unga, mara moja kwa sukari, mara moja kwa mchele, uandike majibu ukutani karibu na jiko. Unga unarudi pakitini, hakuna kilichopotea. Tangu hapo kikombe chako ni mizani yako, na mapishi ya mtu yeyote yaliyoandikwa kwa gramu yanafasirika jikoni mwako. Angalia tu usibadilishe namna ya kujaza: aliyehesabu kwa kumimina asije akapika kwa kushindilia.

Bi Mkubwa hakungoja nimalize maelezo. Alikwenda ndani akarudi na msumari. Tulipima gramu 125 za unga katika kikombe chake cha bati, akakitikisa kidogo kama desturi yake, kisha akakwaruza alama kwa ndani mahali unga ulipofika. Akanitazama.

“Na sukari nayo ifike hapahapa?”

“Hapana, Bi Mkubwa. Sukari ina alama yake.”

Akacheka. “Kumbe kikombe kimoja kina watu wengi ndani.” Tukapima gramu 200 za sukari, akakwaruza alama ya pili, juu ya ile ya kwanza, na pembeni akaandika herufi mbili, U na S, zikiwa zimepinda kwa ajili ya msumari.

Tafsiri yangu niliiandika upya usiku uleule. Palipokuwa na “vikombe 7 vya unga” niliandika: unga wa ngano gramu 875, yaani vikombe 7 vya gramu 125. Ni mstari mrefu kidogo, na hauna utamu masikioni. Mandazi ya wiki iliyofuata yalitoka mamoja katika nyumba zote tatu. Fedha ya mchango wa kwanza, hata hivyo, haikurudi. Mama mmoja alijitoa kikundini kwa sababu hakuwa na cha kuchanga tena, na kila nikimpitia gengeni kwake hunisalimia kwa adabu, nami huona haya. Hakuna mtu aliyenishitaki kwa tafsiri ile, lakini mimi najua kwamba lile neno moja nililoliona rahisi kuliko yote ndilo lililomtoa.

Kwa hiyo, enyi malenga na wafasiri, tunaposhika kalamu tukaandika mapishi kwa ajili ya watu tusiowaona, tuwe na hofu ileile tuliyo nayo mbele ya mshororo uliopungua mizani moja. Shairi bovu huudhi sikio likasahaulika. Kipimo kibovu humla mtu mtaji wake. Naandika ubeti huu kwa Bi Mkubwa, ambaye hupenda mashairi kuliko anavyokiri:

Kikombe sikilaumu, kimelea nyumba zetu,
Kilitosha kwa karamu, arusi za mji wetu,
Ukiishika kalamu, uwaandikie watu,
Taja pia zake gramu, wasipotewe na kitu.